Kuvua besi umri ukisogea: panga kwanza safari ya kurudi

Siku niliyotambua kwamba nimezeeka sikuwa nimekosa samaki. Nilikuwa nimepata besi watano, nikawaachia wote, nikapiga kafi hadi ukingoni roho yangu kwatu. Nikataka kuinuka kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, magoti yakagoma. Nikajaribu mara ya pili, ya tatu. Mwishowe nilijipindua kama gunia, nikaangukia topeni, nikatambaa hadi pakavu. Hapakuwa na mtu wa kuniona, lakini nilijiona mwenyewe, na hilo lilitosha.

Toka siku hiyo kila jambo la uvuvi nalipanga kuanzia mwisho. Chombo, mahali, saa, mzigo: swali la kwanza ni nitarudije. Unaingia majini ukiwa umelala vizuri na mwili una nguvu. Unatoka saa nne baadaye, mgongo umekaza, vidole vimelowa, jua limeshakunywa nusu ya nguvu zako. Anayepanga kwa nguvu za asubuhi ndiye anayekwama mchana.

Samaki mwenyewe anakupunguzia kazi

Besi ninayemsema hapa ni wa maji yasiyo na chumvi: besi mdomo mpana, na ndugu yake besi mdomo mdogo anayependa miamba na maji ya ubaridi kidogo. Asili yao ni Amerika Kaskazini, ila watu wamewapeleka Ulaya, Afrika, Japani na kwingineko. Ndiyo maana rekodi ya dunia ya besi mdomo mpana ina wenyewe wawili waliotengwa na bahari: George Perry, aliyemvua wake Georgia, Marekani, mwaka 1932, na Manabu Kurita, aliyemvua wake katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Kila samaki alikuwa na kilo 10 na ushei. Mimi na wewe tutaridhika na wa kilo moja.

Heri yetu ni kwamba besi si samaki wa kukimbizwa. Ni mviziaji. Hujibanza kivulini, chini ya gogo lililozama, pembeni mwa majani ya majini, chini ya gati, au pale kina kifupi kinaposhuka ghafla, akingoja samaki wadogo na vyura wapite. Kijana huzunguka ziwa zima akirusha huku na huku. Wewe chagua mahali patano palipo karibu, uvue kila mahali kwa utulivu, kwa pembe mbili tatu, kwa kasi tofauti. Nimepata samaki wengi kwa mrusho wa kumi sehemu ile ile kuliko kwa kuhamahama.

Mwili wa besi hufuata joto la maji. Yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi hula kidogo na hasogei mbali. Kati ya nyuzi 18 na 27 ndipo anapokuwa mkali. Maji yanapopata joto na kufika kati ya 15 na 20, husogea kina kifupi kutaga, na dume hubaki kulinda mayai na vifaranga. Ukimnasa dume juu ya kiota, mrudishe hapo hapo bila kuchelewa, maana samaki wengine huvamia mayai mlinzi akiondoka. Kipimajoto kidogo cha kufunga kwenye kamba hakina uzito wa kukuchosha, na kitakuambia kama leo uvute chambo haraka au polepole mno.

Alfajiri na jioni ndizo saa zake za mlo. Mimi nachagua alfajiri, kwa sababu ya ile kanuni ya kurudi: alfajiri unarudi mwanga ukizidi, jioni unarudi ukififia. Macho ya mzee hayapimi vizuri urefu wa ngazi wala ukubwa wa jiwe gizani. Besi wa jioni nimewaachia vijana.

Hatua ya kwanza: upime mwili kabla ya kununua chochote

Fanya majaribio mawili nyumbani. Simama kwa mguu mmoja, ukuta ukiwa karibu na mkono wako, uhesabu hadi kumi. Kisha kaa kwenye kigoda kifupi na uinuke bila kushika kitu. Ukiyumba katika la kwanza, usiwaze kuvua ukiwa umesimama juu ya chombo chochote chembamba. Ukishindwa la pili, kayaki ya kiti cha chini si yako, hata ukipewa bure.

Kisha zungumza na daktari kuhusu dawa zako. Dawa za kuzuia damu kuganda hufanya jeraha dogo la ndoano litoke damu kwa muda mrefu. Dawa za kukojoza hukausha mwili juani. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufanya kichwa kizunguke ukiinuka ghafla, na kuna dawa zinazofanya ngozi iungue na jua upesi. Usiruke dozi kwa ajili ya uvuvi. Uliza tu kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda, ambayo kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miaka kumi. Ndoano yenye kutu na tope la ukingoni si vitu vya kubahatisha.

Kabla ya kurusha mara ya kwanza, zungusha mabega, viwiko na vifundo vya mikono kwa dakika tano. Wanaocheka wacheke. Kiwiko kikishavimba kwa kurusha, huchukua wiki nyingi kupoa.

Hatua ya pili: chagua pa kuvulia

Ukingoni. Watu huudharau ukingo, wakidhani anayevua hapo ni yule asiye na chombo. Besi hukaa karibu na ukingo kuliko wavuvi wengi wanavyodhani, na kosa la kawaida ni kufika, kusimama kabisa kwenye maji, na kurusha kwa nguvu zote kuelekea katikati. Umeshawatisha samaki waliokuwa miguuni pako. Besi huhisi mtikisiko kwa mstari wa ubavuni mwake, na hatua nzito kwenye udongo laini ni kelele kwake. Simama hatua kadhaa nyuma. Rusha kwanza sambamba na ukingo, kushoto, kisha kulia, chambo kipite pembeni mwa majani kwa safari yake yote. Halafu ndipo upanue kama feni. Mrusho wa sambamba hauhitaji nguvu, na kila hatua ya uzi inapita mahali penye samaki.

Chagua ukingo kwa kutazama njia ya kupanda, si ya kushuka. Mteremko wenye nyasi zenye umande ni rafiki ukishuka na adui ukipanda. Beba fimbo ya kutembelea. Ndani ya nyasi ndefu inapima mashimo kabla ya mguu wako, na inampa nyoka taarifa kwamba unakuja. Kiti cha kukunja chenye mikono ya kushikilia ni bora kuliko kigoda, kwa kuwa unajisukuma kwa mikono. Wavu wa kuopolea uwe na mpini mrefu, mita moja na nusu au zaidi, usije ukainama juu ya maji kumfikia samaki. Kuingia majini hadi kiunoni mimi nimeacha. Chini ya maji huoni unapokanyaga, na jiwe lenye ukoga halina heshima kwa mvi.

Boti ndogo. Kwa mtu mwenye magoti mabovu lakini mwenye msaidizi, boti ya bapa chini, ya mita tatu na nusu hadi nne hivi, ndicho chombo kinachostarehesha kuliko vyote. Haiyumbi sana, ina kiti chenye mgongo, na unaweza kunyoosha miguu. Tatizo lake liko nchi kavu: kuishusha, kuipandisha, na kubeba betri ya mota ya umeme. Hapa kuna pesa inayostahili kutumika. Betri ya risasi ya saa-ampea 100 huwa karibu na kilo 30. Ya lithiamu yenye uwezo huo huwa kilo 11 hadi 13. Tofauti hiyo ndiyo mgongo wako. Mota zenye uwezo wa kushika boti mahali pamoja kwa setilaiti nazo zinakuondolea kazi ya kuvuta nanga, ambayo ni kazi mbaya kwa mabega.

Kama boti ina injini, kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye mwili wako kila mara inaponguruma, hata kama unasogea mita hamsini tu. Ukianguka, injini inazimika badala ya boti kuzunguka na kukurudia na pangaboi. Na sasa neno ambalo wanaume hawapendi kulisema: wapo wanaoanguka majini wakiwa wamesimama pembeni mwa boti kukojoa. Katika umri wetu, ukiwa na tezi dume na vidonge vya kukojoza, safari hiyo ya pembeni ni ya kila saa. Weka chupa pana yenye kifuniko, ukae, umalize shida yako. Aibu ni ndogo kuliko maji.

Kayaki. Naipenda kuliko vyote, na ndiyo inayodai uaminifu mkubwa kuhusu mwili wako. Kama maji yako yana mamba au viboko, ruka sehemu hii. Hakuna kayaki ya kuzungumzia. Kwingineko, chukua ile ya kukalia juu, si ya kuingiza miguu ndani, yenye upana wa sentimita 85 au zaidi na kiti cha fremu kilichoinuliwa. Kiti cha juu kinaokoa magoti. Ya kukanyaga pedali inapumzisha mabega na kuiacha mikono ivue, lakini inapeleka mzigo kwenye magoti na nyonga. Mwenye bega bovu aifikirie, mwenye goti bovu aangalie mota ndogo ya umeme.

Uzito ndio mtego. Kayaki nyingi za uvuvi zina kilo 35 hadi 55 kabla ya zana. Usiinue peke yako. Nunua kitoroli cha magurudumu mapana, na ukipandisha kwenye gari, egemeza ncha moja kwanza, kisha sukuma ya pili. Hivyo hubebi uzito wote kwa pamoja hata mara moja.

Namna ya kushuka, iliyoniokoa na lile tope: sogeza kayaki sambamba na ukingo penye maji ya kufika magotini na chini imara. Geuka ukae upande, miguu yote miwili ikanyage chini. Laza kafi mbele ya miguu au lisimamishe liwe fimbo. Egemeza kifua mbele, pua ipite magoti, ndipo usimame. Uzito ukiwa mbele, mapaja hayafanyi kazi peke yake. Usijaribu kutokea kwenye maji ya sentimita kumi. Kayaki ikigusa chini, kiti kinakuwa chini mno na hapo ndipo tunapogeuka magunia.

Hatua ya tatu: upepo na njia ya nyumbani

Anza kwa kwenda kinyume cha upepo, ili wakati wa kurudi ukusukume. Ni kanuni ya kale ya kila mwenye kafi, na wengi huivunja kwa sababu asubuhi kuteleza na upepo ni kutamu. Ukiona vichwa vya mawimbi vinageuka vyeupe, baki ukingoni. Geuka urudi ukiwa bado una nusu ya nguvu zako, wala si robo. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi wenye umri tunaruhusiwa kuyatazama tukiwa na nguo zetu na kuahirisha.

Mwambie mtu unaenda wapi, unaingilia wapi, na saa ngapi aanze kukutafuta. Simu ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, umeufunga mwilini, si kwenye chombo.

Hatua ya nne: jizoeze kuanguka

Jaketi okozi livaliwe kabla ya kugusa maji na livuliwe baada ya kukanyaga pakavu. Lililokunjwa chini ya kiti ni mto wa kukalia tu. Yale ya kujijaza hewa ni mepesi na hayaudhi shingo, ila kagua mtungi wake wa gesi kila msimu. Funga filimbi kwenye zipu.

Maji ya baridi sana yana utaratibu wake, ulioelezwa na mtafiti Gordon Giesbrecht wa Kanada kwa namba tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza mwili unahema kwa nguvu bila kutaka. Kazi yako ni kutuliza pumzi tu na kuweka mdomo juu ya maji. Dakika 10 zinazofuata ndizo ambazo mikono na miguu bado inakutii. Zitumie kurudi chomboni. Kuna kama saa 1 kabla hujapoteza fahamu kwa baridi, mradi unaelea. Mwenye moyo dhaifu aichukulie dakika ile ya kwanza kwa uzito zaidi, kwa kuwa mshtuko wake hupandisha mapigo na shinikizo kwa ghafla. Ndiyo sababu tunavaa kulingana na joto la maji, si la hewa.

Chagua siku ya joto, maji ya kifuani, na mwenzako amesimama kando. Jiangushe. Pindua kayaki ikae sawa. Shika kingo zake zote mbili, piga miguu nyuma hadi mwili ulale juu ya maji, jivute hadi kitovu kivuke katikati, jigeuze ukalie makalio, kisha rudisha miguu. Ukishindwa, usijilaumu, funga kamba yenye kitanzi iwe ngazi ya mguu mmoja, ujaribu tena. Ukishindwa na hiyo, umejifunza jambo la maana: kayaki yako ni ya kuvua ukiandamana na mtu, karibu na ukingo. Boti nayo iwe na ngazi.

Hatua ya tano: zana nyepesi, chache

Fimbo za kuvulia moja au mbili zinatosha. Ya mita 2.1 inasaidia ukiwa umekaa, kwa kuwa urefu wake unarusha badala ya bega lako. Tafuta mpini mnene wa sponji, maana vidole vyenye baridi yabisi huumia vikikunjwa sana. Rili, yaani kifaa cha kukunjia uzi, ya kawaida inayoning'inia chini ya fimbo ni rahisi zaidi. Ile ya ngoma inayokaa juu inadai kidole gumba chepesi, na isipodhibitiwa inakuachia kiota cha uzi ambacho macho yetu hayataki kukifumua. Badilisha mikono: saa moja rusha kwa kulia, saa moja kwa kushoto. Utakuwa kichekesho kwa wiki mbili, kisha utazoea.

Uzi wa kusuka wa rangi ya kung'aa, manjano au kijani kibichi, ndio siri yangu kubwa. Nauona ukiruka au ukienda pembeni hata pale vidole vinaposhindwa kuhisi mguso. Mwishoni naunga mita moja na nusu ya uzi usioonekana majini. Maungo haya nayafunga usiku uliotangulia, mezani, chini ya taa, miwani ya kusomea usoni. Kwa ndoano, fundo la palomari linatosha: kunja uzi mara mbili, upitishe kwenye tundu, funga fundo la kawaida, pitisha ndoano kwenye kitanzi, lowesha kwa mate, kaza. Vidole vinavyotetemeka vinaliweza.

Kwa chambo, mnyoo wa plastiki bado ni mfalme. Nick Creme alianza kuutengeneza huko Akron, Ohio, mwaka 1949, na besi hawajaacha kuukubali. Uchome ndoano katikati, pasipo chubwi, uutupe kando ya majani na uuache uzame wenyewe ncha zote mbili zikitikisika. Kazi yako ni kusubiri na kutazama uzi. Hakuna njia ya kuvua besi inayomfaa mzee kuliko hii: haihitaji bega, inahitaji subira. Chambo bandia kizito cha kuvutwa kwa nguvu kutwa nzima nimekigawa.

Miwani ya polaraizi inakata mng'ao wa maji na kukuonyesha magogo na mawe; inakinga pia jicho na ndoano iliyoruka.

Samaki akija

Usimchezee muda mrefu, hasa maji yakiwa ya moto. Lowesha mkono, mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba, meno yake ni kama msasa tu. Akiwa mkubwa, tegemeza tumbo kwa mkono wa pili, alale sawa. Kumning'iniza wima kunaumiza taya. Ukitaka picha, zuia pumzi yako anapotoka majini. Ukiihitaji hewa, naye anayahitaji maji.

Bana vipembe vya ndoano, vile vijino vinavyoizuia isichomoke, kwa koleo kabla ya safari. Utapoteza samaki wachache, na siku ndoano itakapoingia kwenye kidole chako itatoka bila mkasi wa daktari. Ikiwa na kipembe, na imeingia mahali penye nyama tu, zungusha uzi imara kwenye tao la ndoano, kandamiza shina lake chini kuelekea ngozi, kisha uzi uvutwe ghafla kwa usawa wa ngozi. Ikiwa karibu na jicho, kwenye kiungo, au imezama sana, kata uzi na uende hospitali ikiwa mahali pake. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda abebe bandeji ya kukaza na akandamize jeraha dakika kumi bila kuchungulia.

Daftari

Ukifika nyumbani andika joto la maji, upepo ulitoka wapi, samaki alikuwa kwenye nini, na chambo kilishuka kwa kasi gani. Acha mstari mmoja wazi. Uujaze kesho yake asubuhi: kiwiko kikoje, umelala usingizi, umeshuka kitandani kwa mara ngapi. Mimi baada ya safari kumi niliona kwamba kuvua kwa muda wa saa tatu nalipa kwa siku moja ya kupumzika, na kwa muda wa saa tano nalipa kwa siku nne. Sasa naenda kwa muda wa saa tatu, mara mbili kwa wiki.